Kimbunga Kikipoteza Jina, Sisi Tusilale

(Hotuba kwa wafuatiliaji wa hali ya hewa wa mitaa ya Dar es Salaam, kabla ya mvua za masika)

Ndugu zangu, Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Wazee wetu wa Kunduchi na wa Kigamboni, shikamooni. Wenyeviti wa serikali za mitaa, walimu wa jiografia, akina mama wa soko la Feri, na ninyi vijana ambao kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja mlikesha na simu mkononi, karibuni sana.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kufuatilia kimbunga kinapoisogelea pwani yetu. Nitafanya hivyo. Ila niseme mapema ninakoelekea, ili mwenye hoja tofauti aanze kujiandaa. Sisi tunaopenda hali ya hewa tumezoea kuamka dhoruba inapopewa jina, na kurudi kulala inapovuliwa jina hilo. Kwa jiji hili utaratibu huo hautoshi. Maji yanayoua watu Dar es Salaam mara nyingi huja kabla ya jina, au baada yake, au bila jina kabisa.

Tuanze na vimbunga vyenyewe. Kwetu havitokei kila mwaka, lakini vipo. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Kilizamisha vyombo bandarini, vikiwemo vya Sultani Barghash, na kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na hiyo ni moja ya sababu za Pemba kushika uongozi wa karafuu baada ya hapo. Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi. Tarehe 25 Aprili 2019 Kenneth aliingia nchi kavu Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji linalopakana na nchi yetu, akiwa na upepo wa kama kilomita 220 kwa saa. Mtwara walifunga shule na watu wakaambiwa wahamie sehemu salama. Aprili 2021 alikuja Jobo, akafifia kabla ya kutufikia. Tarehe 4 Mei 2024 Hidaya alifika Mafia.

Zitazameni tena hizo tarehe. Zote ni Aprili au mwanzo wa Mei. Msimu wa vimbunga katika kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi huhesabiwa kuanzia katikati ya Novemba hadi mwisho wa Aprili, kwa hiyo wenzetu wa Msumbiji na Madagaska wanapoanza kupumua, sisi ndio tunaingia kwenye wiki zetu za hatari. Jua linapopanda kuelekea kaskazini, ukanda wa mvua hulifuata, na mahali zinapozaliwa dhoruba nako husogea karibu na latitudo zetu, huku maji ya bahari yakiwa bado na joto la nyuzi 27 au zaidi.

Kinachotulinda miezi mingine ni mambo mawili. La kwanza ni kuwa jirani na ikweta. Mzunguko wa dunia ndio unaoipa dhoruba msokoto wake, na nguvu hiyo ni dhaifu mno ukiwa ndani ya nyuzi tano hivi kutoka ikweta. Dar es Salaam iko karibu nyuzi saba kusini, kwa hiyo tumesimama ukingoni mwa eneo salama. Ndani yake hatumo. Kinga ya pili ni Madagaska. Vimbunga vingi huzaliwa mashariki yake, husogea magharibi, kisha hukunja kwenda kusini au huishia kwenye milima ya kisiwa hicho. Vinavyotuhusu ni vichache vinavyopenya kaskazini ya Madagaska, kupitia upande wa Komoro au visiwa vya Aldabra. Mkiona dhoruba imeshika njia hiyo mwezi wa nne, hapo ndipo pa kukaa macho.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Kituo cha kanda kinachofuatilia vimbunga vyetu kiko kisiwa cha Réunion, chini ya idara ya hali ya hewa ya Ufaransa, Météo-France. Eneo la mgandamizo mdogo wa hewa likikua na upepo wake ukafika kilomita 63 kwa saa, linapewa jina. Jina hutolewa na Mauritius au Madagaska kutegemea dhoruba iko upande gani wa longitudo 55 mashariki. Upepo ukifika kilomita 89 inakuwa dhoruba kali. Ukifika 118 ndiyo tunasema kimbunga kamili. Vijana wengi huniuliza kwa nini programu moja ya simu inaonyesha namba kubwa kuliko nyingine kwa dhoruba ileile. Réunion wanachukua wastani wa upepo wa dakika kumi, Wamarekani wanachukua wastani wa dakika moja, na upepo wa dakika moja siku zote utaonekana mkubwa zaidi. Basi kabla hujamtisha jirani kwa namba, jua namba hiyo imepimwaje.

Mahesabu makubwa ya kompyuta, ya Ulaya na ya Marekani, huanza upya saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri, saa tatu usiku na saa tisa usiku kwa saa zetu, na matokeo yake hutoka saa kadhaa baadaye. Picha za setilaiti ya Meteosat iliyo juu ya Bahari ya Hindi huja kila baada ya dakika 15. Hakuna faida ya kuchungulia ramani ya utabiri kila dakika tano usiku kucha. Utakuwa unaangalia hesabu ileile iliyozeeka. Lala, amka matokeo mapya yakitoka, akili ikiwa timamu.

Na mkiiona njia iliyochorwa, msiisome kama reli. Utabiri wa siku tatu mbele unaweza kukosea kitovu kwa kilomita mia moja, mia mbili hata zaidi. Kutoka hapa hadi Kilindoni, Mafia, ni kama kilomita 130 kwa mstari ulionyooka. Maana yake kosa la kawaida kabisa la utabiri linatosha kuhamisha kitovu kutoka Mafia kukileta Kigamboni, au kukipeleka Kilwa. Ndiyo maana utabiri mzuri huja na eneo pana lililozungushiwa mstari, na kila aliye ndani ya eneo hilo anapaswa kujiandaa, aliye katikati na aliye pembeni.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye vitu ambavyo havihitaji intaneti. Nina sababu. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Mei 2024, Hidaya akiwa karibu, umeme ulikatika sehemu kubwa ya nchi. Wiki moja baadaye, tarehe 12 Mei, nyaya za mawasiliano zilizolala chini ya bahari zilikatika na intaneti ikayumba ukanda mzima. Kimbunga hakikuhusika, lakini fikirieni mambo hayo mawili yangeangukia siku moja. Mtu ambaye ujuzi wake wote uko kwenye skrini angebaki hana la kumwambia jirani.

Kitu cha kwanza ni kipimo cha mgandamizo wa hewa, barometa. Baadhi ya simu za siku hizi zina kihisi chake ndani, na kinafanya kazi hata bila bando. Lakini lazima ujifunze tabia ya hewa ya hapa kwanza. Katika nchi za joto mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kila siku, iwe kuna dhoruba au hakuna. Unafika juu kama saa nne asubuhi, unashuka hadi saa kumi jioni, unapanda tena hadi saa nne usiku, unashuka hadi alfajiri ya saa kumi. Tofauti ni vipimo vitatu hivi vya mgandamizo, yaani hektopaskali tatu. Asiyejua hilo atatazama simu yake saa nane mchana, ataona namba zinashuka, atapiga mayowe mtaa mzima. Anayejua atalinganisha saa kumi ya leo na saa kumi ya jana. Ikiwa leo iko chini kwa hektopaskali nne au tano kuliko jana saa ileile, na upepo umebadilika, hapo una neno la kusema. Kwa hiyo nawaomba sana: anzeni kuandika sasa, siku za kawaida, siku za jua kali zisizo na habari yoyote. Daftari la siku za kawaida ndilo litakaloonyesha siku isiyo ya kawaida.

Cha pili ni upepo. Katika nusu hii ya dunia kimbunga huzunguka kwa mwendo wa mshale wa saa. Nenda ufukweni penye uwazi, Coco Beach au Kunduchi, simama upepo ukupige mgongoni, halafu nyoosha mkono wa kulia. Kitovu kiko upande huo. Si kwa usahihi wa nukta, maana nchi kavu na majengo hupindisha upepo, lakini upepo ukishakuwa wa kudumu kanuni hii haidanganyi sana. Tena inatufundisha jambo zito kuhusu jiji letu. Kitovu kikipita kusini yetu, kama Hidaya alivyopita, sisi tunapata upepo unaotoka bara kwenda baharini, na bahari inasukumwa mbali na ufukwe wetu. Walio kusini ya kitovu, Kilwa na Lindi, ndio wanaopigwa na upepo wa baharini na maji yanasukumwa juu yao. Basi kimbunga cha kuogopwa zaidi hapa Dar ni kile kinachoelekea Zanzibar, njia kama ya 1872, kwa sababu hapo sisi ndio tunakuwa upande wa kusini. Nimesikia watu wakisema, "Kinaenda Zanzibar, sisi tumepona." Kwa Kigamboni, Msasani, Mbezi Beach na Ununio, ni kinyume chake.

Cha tatu, na hapa wazee wangu wa Kunduchi mnanizidi kwa mbali, ni bamvua na maji mafu. Katika pwani yetu, wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa robo, tofauti ni kama mita moja tu. Hidaya alifika tarehe 4 Mei. Robo ya mwisho ya mwezi ilikuwa tarehe 1, mwezi mwandamo tarehe 8. Maana yake alitufikia katika siku za maji mafu, bahari ikiwa haina mpango wa kupanda sana. Kilikuwa kimbunga kilekile, na kama kingechelewa siku tano au sita kingekuta bamvua. Kikija saa ya maji kujaa, mawimbi yake yangeanza kazi yakiwa tayari yamepandishwa mita nzima na zaidi. Sijasikia jambo hili likijadiliwa vya kutosha, na hesabu yake haihitaji kompyuta. Inahitaji mtu anayejua mwezi uko siku ya ngapi. Kila mvuvi wa pwani hii anajua. Nataka kuanzia msimu huu, taarifa yoyote tutakayompelekea mwenyekiti wa mtaa wa pwani iwe na mstari mmoja unaosema: maji yatajaa saa ngapi, na ni bamvua au maji mafu.

Ndugu zangu, twende kwenye tahadhari zenyewe.

Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ina ngazi tatu. Angalizo ni rangi ya njano. Tahadhari ni rangi ya chungwa. Tahadhari kubwa ni nyekundu. Kila moja huja na maeneo yaliyotajwa, uwezekano wa jambo kutokea na athari zinazotarajiwa. Watu wengi wanasoma kichwa cha habari tu na kuacha athari, wakati athari ndiyo sehemu iliyoandikwa kwa ajili yao. "Upepo mkali unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayozidi mita mbili" ni sentensi tuliyoizoea mpaka hatuisikii tena. Kwa mwenye mtumbwi wa mita sita, mawimbi ya mita mbili ni suala la uhai.

Kutoa tahadhari ni kazi ya TMA peke yao. Sheria ya 2019 iliyoanzisha Mamlaka imeliweka jambo hilo mikononi mwao, na mimi naunga mkono kwa moyo wote. Sauti zikiwa kumi, mama wa Jangwani hajui aifuate ipi. Kazi yetu sisi ni nyingine, na nadhani kwa jiji kubwa kama hili hakuna ofisi inayoweza kuifanya badala yetu: kuichukua tahadhari iliyotolewa kwa mkoa mzima na kuishusha mpaka kwenye mfereji fulani, kivuko fulani, nyumba fulani yenye mzee asiyeweza kutembea. TMA hawawezi kujua kwamba kalavati la mtaa wenu limeziba tangu wiki iliyopita. Wewe unajua.

Na kuna kazi ya kuzima uvumi. Siku zile za Hidaya zilisambaa video za mabati yakiruka na bahari ikimeza magari, nyingine zenye vibao vya barabarani vya lugha ambazo hazisomwi popote Tanzania. Zilisambaa sauti za watu wasiojitambulisha wakitaja saa kamili ya kimbunga kufika. Anayetuma vitu hivyo mara nyingi hana nia mbaya, ana hofu. Usimtukane, mpe taarifa iliyo sahihi yenye tarehe na saa. Nimeona hilo likifanya kazi: mtu akishapewa taarifa ya TMA ya saa hiyo, anaituma hiyo badala ya ile ya kwanza, kwa sababu alichokuwa anatafuta ni kitu cha kuwapa watu wake.

Niwaambie ninavyoona kuhusu Jobo. Mwaka 2021, alipofifia kabla ya kufika, wako waliosema tumetishwa bure. Kauli hiyo inanisikitisha mpaka leo. Dhoruba ndogo hufa upesi ikikutana na hewa kavu au pepo za juu zinazopishana mwelekeo, na kuna wakati hufa ndani ya saa ishirini na nne. Aliyefunga boti yake vizuri siku ile hakupoteza kitu zaidi ya siku moja ya kazi. Siku moja ya kazi ni kitu kikubwa kwa mtu anayekula alichovua, siipuuzi, na ndiyo maana tuwe wakweli kwake tangu mwanzo. Tumwambie, "Huenda kikaja, huenda kisije, na hakuna anayejua kwa hakika kabla ya kesho." Mvuvi anaielewa lugha hiyo, maana bahari yenyewe humwambia hivyohivyo kila asubuhi. Anachokataa ni kuambiwa kwa uhakika jambo ambalo baadaye halitokei.

Hidaya aliposogea, mambo mengi yalifanyika sawa. Boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamisha safari. Taarifa zilitoka mara kwa mara, kwa Kiswahili, zikisema kitovu kiko umbali gani na kinakwenda wapi. Kisha ikatangazwa kwamba amepoteza nguvu. Na hapo, jamani, ndipo tulipoondoka sote. Makundi yetu yakanyamaza. Kila mtu akamshukuru Mungu, akalala.

Kumbe mvua yake ilikuwa bado inafanya kazi kusini. Barabara ya kwenda Lindi na Mtwara ilikatika eneo la Somanga, na abiria, magari ya mizigo na wagonjwa wakakwama pande zote mbili kwa siku kadhaa. Upepo uliotupatia jina ulikuwa umekwisha, lakini maji hayakuwa na habari na jina. Dhoruba ikiingia nchi kavu hukosa joto la bahari na upepo wake huanguka haraka sana. Unyevu ilioubeba hauanguki kwa kasi hiyo. Unamwagika siku mbili tatu, mara nyingi mbali na pale kitovu kilipoingia.

Tena turudi nyuma ya jina. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alilieleza Bunge kwamba mvua na mafuriko yaliyoambatana na El Niño yalikuwa yameshaua watu 155 nchini. Siku hiyo Hidaya alikuwa hajazaliwa. Watu 155, na hakukuwa na jina hata moja la kuweka kwenye ramani zetu. Sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa tunasubiri dhoruba.

Rudini Desemba 2011. Mvua ya siku chache tu hapa jijini iliua watu zaidi ya arobaini, Msimbazi ukafurika, maelfu wakapoteza nyumba, na familia nyingi zikapelekwa Mabwepande kuanza upya. Haikuwa kimbunga, haikuwa na jicho wala jina. Ilikuwa mvua ya vuli iliyoamua kukaa. Jangwani, Kigogo, Mchikichini na Magomeni Suna wanaijua mvua hiyo kwa kuishi ndani yake. Wengi wa bonde la Msimbazi sasa wamelipwa na kuhama, jambo jema, lakini Dar ina mito mingine: Tegeta, Mbezi, Mpiji, Mzinga, na vijito visivyo hata na majina vinavyopita nyuma ya nyumba za watu Goba na Kimara. Mvua ikinyesha sana Pugu au Kisarawe, maji yake yanatufikia chini huku baada ya saa chache, na juu yetu jua linaweza kuwa linawaka.

Hapa ndipo mapenzi yetu ya hali ya hewa yanaweza kuokoa mtu. Tunachohitaji ni kipimo cha mvua, na kinatengenezwa nyumbani. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu iliyonyooka pembeni. Ikate theluthi ya juu, igeuze ile sehemu ya juu iwe faneli, ichomeke ndani ya chini. Kitako cha chupa hakina umbo sawa, kwa hiyo tia kokoto, mimina maji mpaka yafunike kokoto na kufika pale chupa inapoanza kunyooka. Weka alama: hapo ndipo sifuri. Bandika rula kuanzia alama hiyo kwenda juu. Iweke mahali pa wazi, mbali na paa na miti, ikae imara isiangushwe na kuku au watoto. Soma kila siku saa tatu asubuhi, saa wanayosoma vituo rasmi. Andika hata siku ambayo ni sifuri. Milimita moja katika kipimo chako ni lita moja kwa kila mita mraba ya mtaa wako. Milimita 50 juu ya kiwanja cha mita 20 kwa 20 ni lita elfu ishirini, na kama kiwanja hicho kimesakafiwa chote, maji hayo yote yanaelekea kwa jirani wa chini.

Mtu wa Pugu akiniambia saa kumi na moja alfajiri kwamba chupa yake imeshika milimita 60 tangu usiku wa manane na mvua haijapungua, nina muda wa kumpigia mwenyekiti wa mtaa ulio bondeni. Yeye ana kamati yake ya maafa, ana spika za msikiti na kengele ya kanisa, ana vijana wa kugonga milango. Sisi hatutangazi tahadhari. Tunampa kipimo kilichosomwa na mtu anayemfahamu, pamoja na kile TMA walichokwisha kusema, na yeye anaamua na watu wake.

Mwalimu mmoja ameniuliza kabla ya mkutano kama kazi hii haitawachosha vijana, maana mvua ya kawaida haina msisimko wa kimbunga. Nimelifikiria. Nadhani msisimko unatokana na kuelewa. Kijana akishaona mwenyewe kwamba mgandamizo hupumua mara mbili kwa siku juu ya jiji lake, kwamba kusi likianza kuvuma mvua za asubuhi za pwani hubadilika, kwamba chupa ya Tabata na chupa ya Mbagala zinaweza kutofautiana kwa milimita 40 siku moja, huyo humwambii tena kwamba hakuna kinachotokea. Na Aprili ikileta dhoruba yenye jina, atakuwa mtazamaji aliyeiva, anayejua kutofautisha ishara na mazoea.

Basi tumepanga hivi. Meza ya kulia mlangoni kuna chupa, rula na gundi. Walimu wachukue kwa ajili ya shule zao, kila kata angalau sehemu tatu, moja juu, moja katikati, moja bondeni. Madaftari yako palepale, yana safu ya mvua, safu ya mgandamizo wa saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na safu ya upepo. Walio na redio ya betri waandikishe majina kwa katibu, tujue mitaa ipi bado haina. Kila dhoruba itakayofika pwani yetu, kundi letu halitafungwa mpaka siku ya tano baada ya TMA kusema imepoteza nguvu, na siku hizo tano ripoti za mvua zitumwe asubuhi na jioni. Mwezi wa tano tukutane hapa tena na madaftari, tuyalinganishe.

Kuhusu bamvua nimesema kadiri ya ninavyojua, na ni kidogo. Yuko hapa mzee wetu wa Kunduchi aliyeishi na bahari hii maisha yake yote, na amekubali kutuonyesha namna ya kuhesabu maji kwa siku za mwezi bila kitabu. Vijana, toeni kalamu. Mzee, shikamoo, karibu mbele, kipaza sauti hiki hapa.